Betri na Mlima: Bodaboda ya Umeme Itapanda Kutoka Mbamba Bay Mpaka Mbinga?

*Mada iliyotolewa kwa vijana wa chama, Mbinga mjini. Tumeiweka kama ilivyosemwa, tumepunguza salamu na maneno ya kurudiarudia tu.*

  

Nimepewa mada ambayo imezua ubishi kwenye vijiwe vyetu kwa miezi sasa. Kundi la kwanza linasema: pikipiki ya umeme ni mchezo wa Dar es Salaam, kule kumenyooka, kuna joto, kila kona kuna umeme. Ukiileta Mbinga, baridi itaua betri, na mlima utakuaibisha na abiria mgongoni. Kundi la pili linasema: petroli imetuchosha, tuhamie kwenye umeme wote, tena kesho, mikopo ya halmashauri ipo, tununue.

Mimi leo sitapiga kura upande wowote. Ninachotaka ni kwamba tukitoka hapa, kila mmoja ajue ni swali gani hasa la kuuliza kabla kikundi chake hakijatia saini kwenye karatasi ya mkopo. Maana ukishasaini, deni halijali kama pikipiki inapanda au haipandi. Na nitawaonyesha kwamba hoja ya baridi, ambayo ndiyo tunaibishania zaidi, ndiyo ndogo kuliko zote.

Kwanza, baridi

Hoja ya baridi haikutoka hewani. Januari 2024 mji wa Chicago, Marekani, ulipigwa na baridi ya chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Picha zikazunguka dunia nzima: magari ya umeme yamejipanga foleni kwenye vituo vya kuchajia, mengine yamezimika kabisa, yanavutwa na magari ya kubebea. Wengi wetu tulizipata kwenye simu. Na hapo ndipo watu wakahitimisha kwamba umeme na baridi haviendani.

Lakini hebu tutazame Norwei. Ile ni nchi ya barafu, baridi yake si ya kutania. Mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya kila magari mapya 10 yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. Sasa jiulize: kama baridi inaua gari la umeme, Wanorwei wana wazimu gani?

Jibu liko kwenye betri yenyewe na liko kwenye maandalizi. Nianze na betri. Betri ya lithiamu ndani yake kuna majimaji, na umeme unapoingia au kutoka, chembe za lithiamu zinasafiri kwenye majimaji hayo kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Baridi ikizidi, safari hiyo inakuwa nzito, kama asali ya asubuhi. Kwa hiyo betri inatoa nguvu kidogo, na inapokea chaji polepole. Ikifika chini ya sifuri kabisa na wewe ukailazimisha kuchaji, lithiamu haiingii mahali pake, inajipaka juu kama rangi ukutani. Hapo umeiharibu, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Wanorwei wanajua hilo. Wengi wanachajia nyumbani usiku, na magari yao yanaipasha betri joto kabla ya kuchaji. Vituo vimejengwa njia nzima. Chicago siku zile, madereva wengi walifika kituoni na betri baridi, chaji ikawa inaingia kwa kusuasua, baadhi ya mashine zilikuwa hazifanyi kazi, foleni ikawa ndefu, na kwenye foleni betri zikazidi kuisha. Baridi ipo kote kuwili. Kilichotofautiana ni vituo na maandalizi. Hilo mliweke akilini, tutalirudia.

Sasa Mbinga. Juni na Julai hapa tunavaa makoti, kule Litembo na milima ya Umatengo ukungu unashuka mpaka saa nne asubuhi huoni mbele. Lakini maji hayagandi kwenye ndoo. Ni baridi ya nyuzi 10 na ushee, pengine chini kidogo alfajiri. Kwa betri hiyo ni baridi ya kupunguza kidogo tu mwendo wake wa siku, haiiharibu. Tanzania hii, mahali pa kuogopa sifuri ni kama Makete na Kitulo, ambako alfajiri za Juni na Julai unakuta majani yamepata weupe wa barafu. Na hata kule dawa ni rahisi: betri inalala ndani ya nyumba, na unaichaji jioni ukitoka kazini, ikiwa bado ina joto la safari. Huingoji ipoe mpaka alfajiri.

Nyie wa Nyasa ndio mna tatizo kubwa zaidi kuliko sisi, na hakuna anayelisema. Betri inazeeshwa haraka na joto. Oktoba na Novemba pale Mbamba Bay, Liuli na Lituhi mnajua jua lake. Ukiiegesha pikipiki juani mchana kutwa, au ukachajia betri ndani ya kibanda cha bati kisicho na hewa, unaipunguzia umri kila siku bila kuona. Kwa hiyo yule anayesema betri itakufa kwa baridi ya Mbinga, mwambie aanze kujenga kivuli Mbamba Bay.

Pili, mlima

Hapa ndipo penye kazi. Na hapa naomba tufanye hesabu pamoja, maana ni hesabu ya darasani tu, haihitaji profesa.

Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,300. Kwa hiyo kutoka Mbamba Bay mpaka hapa unapanda zaidi ya mita 800, tuseme 850, na hapo sijahesabu mabonde unayoshuka halafu ukapanda tena. Barabara ni takribani kilomita 66, sasa ni lami, na tunaishukuru lami.

Chukua pikipiki ya umeme na betri yake, dereva, abiria mmoja na mzigo mdogo. Tuseme jumla kilo 280. Kunyanyua kilo 280 kwa mita 850 kunahitaji umeme wa karibu uniti 0.65, uniti ile ile ya LUKU. Kwa sababu mota na betri vinapoteza kidogo, sema 0.8. Hiyo ni ya kupanda tu. Kwa kutembea zile kilomita 66, pikipiki ya namna hii ikiwa imebeba watu wawili inakula kama uniti 35 kwa kila kilomita 1,000, kwa hiyo ni uniti 2.3. Jumlisha: uniti 3.1.

Sasa pikipiki nyingi za umeme zinazouzwa kwa ajili ya bodaboda zina betri ya uniti 2 mpaka 3 hivi. Na betri huiishi mpaka sifuri, unabakiza kidogo.

Mmeona? Ukitoka Mbinga asubuhi kwenda Mbamba Bay utafika vizuri sana, mlima unakusukuma, tena unabakiza chaji. Wakati wa kurudi, betri moja haitoshi. Utaishia njiani na abiria, giza linaingia. Si kwamba mota ni dhaifu. Mota ya umeme inapanda vizuri, nguvu yake inatoka tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kinachokosekana ni chaji.

Muuzaji atakwambia "hii inakwenda kilomita 80 kwa chaji moja". Muulize: kilomita 80 za wapi? Mtu mmoja au wawili? Tambarare au mlima? Namba nyingi za kwenye vipeperushi zinapimwa kwenye barabara iliyonyooka, dereva peke yake, mwendo wa taratibu. Hazikupimwa na mtu aliyebeba gunia la kahawa na mama mwenye mtoto. Na mishikaki naomba tusiizungumze kabisa hapa, maana kuna askari mtaani.

Jambo jingine la mlima, hili ni la usalama. Pikipiki nyingi za umeme zina breki ya mota: unaposhuka, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Ni kitu kizuri. Lakini betri ikiwa imejaa pomoni, umeme huo hauna pa kwenda, na breki hiyo haishiki. Mtu aliyejaza mpaka mia juu hapa Mbinga akaanza kuteremka kwenda ziwani, anabaki na breki za kawaida tu, na zikipata moto kwenye mteremko mrefu mnajua kinachofuata. Kwa hiyo ukitaka kushuka, jaza mpaka 90, mlima utakuongezea. Sijui kama kuna muuzaji atakayekwambia hilo dukani.

Tuseme ukweli pia wa upande wa pili. Hizo uniti 3.1 ukizichaji, na chaja nayo ikala chake, utanunua kama uniti 3.5. Bei ya kawaida ya TANESCO ni Sh. 292 kwa uniti, ukiongeza VAT na tozo inafika kama Sh. 356. Kwa hiyo safari nzima ya kupanda ni kama Sh. 1,250. Petroli kwa safari hiyo hiyo, pikipiki imebeba na inapanda, weka lita moja na nusu mpaka mbili. Kila mtu hapa anajua lita ni shilingi ngapi pampu ya Mbinga na ni ngapi kwenye chupa huko kijijini. EWURA inatangaza bei kikomo kila mwezi, na kila mwezi sisi wa mbali na bandari tunalipia na safari ya lori. Kwa hiyo wale wa kundi la pili hawana wazimu. Fedha ipo pale. Swali ni kama unaweza kuifikia.

Tatu, umeme wenyewe

Nitakuwa muungwana. Kabla ya 2018 Mbinga na Songea tulikuwa tunategemea sana majenereta ya dizeli. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako mpaka Songea, iliyojengwa kwa fedha za Serikali na Uswidi, ilitutoa huko. Huo ni mradi mzuri na mpinzani mwenye akili hakatai kitu kizuri. Na bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 na megawati 2,115. Umeme wa kuzalisha upo.

Lakini kuzalisha Rufiji ni jambo moja, na umeme kufika kwenye soketi ya Mbamba Bay ni jambo jingine. Kutoka Songea kuja huku ni nguzo na nyaya, misitu na milima, radi za masika, miti inayoangukia laini. Mgao wa mwisho wa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 bado tunaukumbuka. Umeme ukikatika saa sita, mwenye saluni anakaa chini anasubiri. Mwenye bodaboda ya petroli anaendelea na kazi. Mwenye bodaboda ya umeme ambaye hana betri ya akiba anakaa na mwenye saluni.

Na hapa Mbinga kuna kichekesho kisichochekesha. Makaa ya mawe ya Ngaka yamechimbwa tangu 2011, malori yanapita Kitai usiku na mchana. Tuliambiwa mradi ule utakuwa na mtambo wa kufua umeme. Makaa yanaondoka, vumbi linabaki, mtambo hatujauona. Sisemi leo tujenge mtambo wa makaa, hiyo ni mada nyingine. Nasema tumezoea kuahidiwa umeme, kwa hiyo safari hii tuulize kabla ya kuweka dhamana.

Chaja ya kawaida ya pikipiki inachukua saa nne mpaka sita kujaza betri ya uniti 3. Bodaboda gani hapa anaweza kukaa saa tano kijiweni bila kubeba abiria? Bosi anataka hesabu yake jioni. Ndiyo maana miji iliyofanikiwa imeenda kwenye kubadilisha betri: unafika, unatoa iliyoisha, unaweka iliyojaa, dakika mbili tatu unaondoka.

Na kituo cha namna hiyo si jengo la mabilioni. Betri 10 zikichajiwa kwa pamoja, kila moja kwa wati 600, ni kilowati 6. Laini ya kawaida ya fezi moja inaweza kubeba. Betri 10 zilizojaa ndani ya stoo ni akiba, umeme ukikatika mchana kazi inaendelea kwa saa kadhaa, kama vile mtu mwenye madebe ya petroli. Ghala la AMCOS linatosha. Ofisi ya umoja wa bodaboda inatosha. Ukiweka na paneli za jua juu ya paa, Nyasa utapata jua la kutosha, huku juu wakati wa ukungu utapata pungufu, lakini TANESCO atajazia.

Nne, betri ni ya nani?

Hili ndilo naona ni kubwa kuliko yote, na ndilo lisilozungumzwa kabisa vijiweni.

Twende Kigali. Watu wanasema pikipiki ya umeme haiwezi milima. Kigali ni milima mitupu, iko juu kuliko Mbinga, na kampuni ya Ampersand imekuwa ikiendesha bodaboda za umeme kule tangu 2019. Imefika mahali kuanzia Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kubeba abiria. Kwa hiyo mlima peke yake si kikwazo. Walifanyaje? Vituo vya kubadilisha betri viko jirani jirani, mjini kote. Dereva ananunua pikipiki, betri inabaki ya kampuni, na yeye analipia umeme kila anapobadilisha.

Kenya nao Septemba 2023 Serikali ilizindua mpango wa pikipiki za umeme, na mwaka huo huo mamlaka yao ya nishati ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto, usiku ikiwa nafuu zaidi. Majirani wamekwenda mbele, hatuna sababu ya kukataa.

Lakini angalieni huo mpangilio kwa jicho la kijana wa Mbinga. Mjini Kigali kampuni ikiwa na wateja maelfu, haiondoki. Sasa kampuni ije Mbinga, ilete pikipiki 40, iweke kituo kimoja. Mwaka mmoja ukapita, wakaona faida ni ndogo, wakafunga. Wewe una pikipiki yako umeilipia, lakini betri haikuwa yako. Umebaki na fremu na matairi mawili. Betri ya kampuni nyingine haiingii, plagi ni tofauti, mfumo hauitambui. Petroli haina tabia hiyo. Sheli moja ikifunga unakwenda ya pili.

Tena betri za aina hii zinaweza kuzimwa kwa mbali. Umechelewesha malipo, zinazimwa kwa kompyuta, uko Lituhi au uko Kigonsera. Kwenye mkataba wa kawaida wa bodaboda, bosi angalau lazima aje mwenyewe kuchukua pikipiki, na mnaweza kuongea kiutu uzima.

Sisemi kampuni ni wezi. Kampuni inalinda mali yake, ni haki yake. Nasema nasi tulinde ya kwetu, na mahali pa kuilinda ni kwenye mkataba, kabla ya saini.

Tano, fedha za halmashauri

Kwa nini haya yote yanatuhusu kama vijana wa chama na si wateja tu? Kwa sababu fedha itakayonunua pikipiki hizi, kwa sehemu kubwa, ni ya kwetu.

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ya Mbinga na Nyasa yanatoka wapi? Kahawa, mahindi, makaa, samaki na dagaa, ushuru wa soko. Ni jasho la mama zangu hawa waliokaa hapa. Mwaka 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima baada ya madudu ya vikundi hewa na marejesho kutorudi, ikarejea 2024. Vikundi vingi vya vijana vinaomba nini? Bodaboda. Na pikipiki hiyo lazima ilipe deni lake kwa miaka.

Kuna hatari mbili, na zote ni za kweli. Ya kwanza: halmashauri iendelee kununua petroli tu kwa mazoea, wakati bei ya mafuta inapanda na majirani wanahama, na vijana wetu wabaki na chombo cha gharama kubwa. Ya pili: aje mtu mkubwa na kampuni yake, lipigwe picha, ukatwe utepe, vikundi vigawiwe pikipiki za umeme ambazo hazijawahi kupandishwa mlima huu hata mara moja. Miezi sita baadaye zimelala uani, na deni ni la kikundi. Atakayeitwa mdaiwa sugu ni kijana, si aliyekata utepe.

Kwa hiyo madai yetu yawe haya matano, na yaandikwe:

1. Jaribio la wazi kabla ya kununua. Pikipiki moja, dereva wa kwetu, abiria mmoja na gunia moja, kutoka Mbamba Bay mpaka Mbinga na kurudi. Lifanyike Julai kwenye baridi na lirudiwe Oktoba kwenye joto. Chaji iliyotumika iandikwe na ibandikwe ubaoni halmashauri, kila mtu asome.

2. Vituo kwanza, pikipiki baadaye. Kimoja Mbinga, kimoja Mbamba Bay, na kimoja katikati ya njia. Kituo kimoja mjini ni maandalizi ya aibu.

3. Betri iwe mali ya kikundi, au mkataba useme wazi. Kampuni ikiondoka, iwauzie betri na chaja kwa bei iliyoandikwa tangu mwanzo. Na dereva awe na ruhusa ya kuchajia nyumbani.

4. Dhamana ya betri iandikwe kwa Kiswahili, kwa miaka na kwa kiwango. Baada ya miaka miwili, ikibaki na chini ya kiasi fulani cha uwezo wake, inabadilishwa. Huo uwezo utapimwa na nani, iandikwe.

5. Fundi wa hapa hapa. Vijana wa gereji zetu wafundishwe kupima betri na mota, na spea ziwepo Mbinga. Kama kila kifaa kinasubiri basi la Dar, hiyo pikipiki ni pambo.

Kuna ndugu yangu ameniuliza asubuhi kabla hatujaanza: "Kamanda, sasa si tungoje tu wenzetu wajaribu, sisi tuje baadaye?" Nimemjibu hivi. Ukingoja, vituo vitajengwa kwa matakwa ya mtu mwingine, viwango vya betri vitawekwa na mtu mwingine, na bandari mpya ya Mbamba Bay itakapoanza kuleta mizigo, usafiri wa barabara hii utakuwa umeshagawanywa. Wa kwanza kuuliza ndiye anayeandika masharti. Lakini kununua leo bila jaribio, hapana. Tuanze na pikipiki mbili tatu, za kazi za ndani ya mji, ambako betri moja inatosha siku nzima. Mlima wa ziwani tuuache mpaka vituo viwepo. Huo ndio msimamo wangu, na anayepinga asimame, kipaza sauti kipo, nitamsikiliza.

Wiki hii kuna kazi. Kila tawi lichague mtu mmoja aende kwa diwani wake, wa chama chochote, CCM au wetu, na barua yenye haya madai matano. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi kwa mwananchi, twendeni tukakae kimya kwa nidhamu na tusikilize nani ameyataja. Wale wa umoja wa bodaboda wapime kwa siku saba: umeendesha kilomita ngapi, umejaza lita ngapi, umepanda mlima mara ngapi. Andika kwenye daftari. Siku muuzaji akija na kipeperushi chake cha kilomita 80, sisi tuwe na daftari letu.

 Maswali sasa, na wa Nyasa waanze, maana wana safari ya kurudi kabla ya giza.